Mwalimu si fundi kompyuta, mpeni kitu kinachofunguka

Leo sina habari ya mitihani wala ya bumu kuchelewa. Leo nna ugomvi na nyie jamaa wa kompyuta, na nausema waziwazi ili tusisengenyane.

Mnaandika programu nzuri sana, hilo sikatai. Mwenzetu mmoja katengeneza ya kujumlisha alama na kupanga nafasi za wanafunzi, kwa Python, na sehemu ya hesabu kaiandika kwa C ili iende mbio. Safi kabisa. Kisha katupa sie wa ualimu twende nayo fildi. Ndani ya flashi mna skripti na maelekezo: weka Python, weka kompaila ya C, pakua moduli hizi na hizi, fungua dirisha jeusi, andika amri. Jamani! Skuli ya shamba niliyokuwa mie ina kompyuta moja ofisini, na intaneti ni bando la simu ya mwalimu mwenyewe. Kompaila ya Microsoft peke yake ni gigabaiti kadhaa. Programu ile haikufunguka hata siku moja. Alama za madarasa manne tulijumlisha kwa kalkuleta mpaka usiku.

Nikilalamika naambiwa, "Ah, Python ni skripti bwana, ndo inavyotumika, mwalimu ajifunze." Hapo ndipo mnaponikera khasa. Skripti ni maandishi tu, inahitaji mkalimani wa kuisoma. Na ile sehemu ya C lazima iwe imeshakompailiwa kwa mashine husika: kwenye Windows inakuwa faili la .pyd, kwenye Linux la .so. Vyote hivyo wewe unavyo kwenye laptopu yako. Mwalimu hana. Sasa kwa nini kazi ya kukompaili afanye yeye na si wewe?

Na dawa ipo, tena ya siku nyingi. Watu wa Perl wana PAR, wa Python wana PyInstaller, zote za tangu miaka ya 2000. PyInstaller inakusanya mkalimani, skripti, moduli na yale mafaili ya C, inavifunga pamoja kuwa faili moja la .exe. Mwalimu anabofya mara mbili, linajifungua lenyewe kwenye folda ya muda, kazi inaanza. Hata muuza urojo anakupa bakuli na kila kitu ndani. Hakwambii nenda kakaange bajia kwanza ndo urudi.

Majibu yenu nayajua. Moja, "faili litakuwa kubwa." Ndiyo, linaweza kufika makumi ya megabaiti, na kuanza litachelewa kidogo. Flashi ya gigabaiti 8 italalamika?

Pili, "exe zinaogopwa." Hili lina ukweli. Anayepeleka flashi kuchapisha kwenye vibanda vya Mlandege anajua inavorudi, mafolda yote yamegeuka shotikati. Na antivairasi mara nyengine huzishuku programu za PyInstaller ingawa hazina kitu. Lakini dawa yake si kumwachia mwalimu kompaila. Weka msimbo wako pembeni, humo humo ndani ya flashi, mwenye wasiwasi ausome au aifunge upya mwenyewe. Kumfungia mtu programu si kumficha msimbo.

Tatu, "kila mashine na yake." Kweli, PyInstaller ukiiendesha kwenye Linux haikutolei faili la Windows. Na kompyuta ya skuli ikiwa bado Windows 7, Python ya mwisho inayoikubali ni 3.8. Basi uliza kwanza mashine ni ipi, tafuta inayofanana nayo, ufungie hapo. Hiyo ndo kazi yako, si ya mwalimu wa Historia.

Wala msione kufunga ni mambo ya wasiojua. LibreOffice ya Windows inakuja na Python yake ndani, mtumiaji hata hana habari. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Ile tafsiri ingekuwa na faida gani kama kila katibu muhtasi angetakiwa akompaili C++ kwanza ndo aandike barua?

Mnapenda kusema walimu wetu hawataki teknolojia. Si kweli! Walimu hao hao wanatumiana ratiba kwa WhatsApp kutwa, kwa sababu inafunguka. Kompyuta ile ofisini inafunikwa kitambaa kwa sababu mnachowaletea hakifunguki, halafu lawama wanabeba wao.

Kabla ya fildi ijayo nataka flashi yenye kitu cha kubofya mara mbili. Aloandika ndo afunge. Mwenye kubisha aje Mlandege jioni tubishane, lakini laptopu aje nayo.