Udongo wa Msingi Unakwenda Wapi?

Kilimani na Westlands, jijini Nairobi, malori ya tipa hutoka kwenye mashimo ya misingi yakiwa yamesheheni udongo mwekundu. Mwenye jengo hulipia kila safari. Kisha hulipia malori mengine yamletee mawe ya kuta kutoka machimbo ya Ndarugo.

Sehemu ya udongo huo ingetosha kuwa tofali. Huchekechwa, hutiwa saruji kidogo na maji, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali hufunikwa na kumwagiliwa maji walau wiki moja. Halichomwi, kwa hiyo hakuna kuni. Fundi makini huanza na kijisanduku cha sentimita 60: hukijaza udongo uliolowa, huuacha ukauke, halafu hupima umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa sana, saruji huongezwa. Hesabu yote iko hapo, maana saruji ikizidi, nafuu ya mfuko na ya mazingira huondoka pamoja.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoupigia debe kila udongo. Ule mweusi wa Embakasi, unaonata masika na kupasuka kiangazi, hudai chokaa na mara nyingi haulipi. Wa juu wenye mizizi nao ni wa shamba. Na ghorofa refu litabebwa na nguzo za zege. Tofali hili litajaza kuta tu.

Wafaransa wamejaribu. Reli mpya za chini ya ardhi za Paris, zenye urefu wa kilomita 200 hivi, zinazalisha udongo wa zaidi ya tani milioni 40, na mwaka 2021 kilizinduliwa kiwanda cha matofali ya udongo huo mjini Sevran. Lakini wao wana mradi mmoja mkubwa wa serikali. Nairobi ina mashimo mengi madogo, kila shimo na mwenyewe, na kiwanja hakina hata pa kurundika udongo. Ukishapakiwa pamoja na vifusi na plastiki, umeharibika.

Ajabu ni kwamba mhandisi huwa ameshaupima udongo huo kabla ya kuchora msingi. Ripoti huishia kwenye faili. Tathmini ya mazingira, inayodaiwa na sheria ya mazingira ya 1999, ingeitumia ripoti hiyo kueleza udongo upi utatengwa na utapelekwa wapi. Sioni haja ya kumlazimisha mtu ajenge kwa udongo. Alazimishwe kuutenga. Kaunti nayo itoe uwanja wa kuupokea, na kushusha mzigo hapo kuwe rahisi kuliko kwenda kuutupa kwingine. Madereva wa tipa hawatahitaji semina.