Mbwa Akifa, Tazama Kwanza Sufuria Yako



Juma hili nataka tuzungumze juu ya mbwa wa nyumbani, yule alindaye boma usiku, afukuzaye nyani shambani, na abwekaye mgeni afikapo. Mtumishi huyu hatumpi mshahara wala likizo. Ujira wake ni makombo ya chakula chetu, naye huyapokea kwa furaha bila kuuliza ni makombo ya nini. Kwa kuwa yeye hawezi kuuliza, yafaa sisi tumwulizie.

Desturi ya watu wengi ni hii: mbwa akikutwa asubuhi amekufa, neno la kwanza litokalo ni kwamba jirani amemtilia sumu. Hapo hukumbukwa ugomvi wa mpaka, au kuku aliyekamatwa mwaka jana, au deni la zamani. Watu hupelekana kwa chifu, watoto hukatazwa kucheza pamoja, na urafiki wa miaka mingi huvunjika kwa siku moja. Sisemi kwamba hakuna watu wabaya wawatiliao mbwa sumu. Wapo, na wastahili kushtakiwa. Lakini wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Huenda sumu iliyomwua mbwa haikutoka ng'ambo ya ua. Huenda ilitoka jikoni mwetu wenyewe, ikapakuliwa kwa mkono wa mtu ampendaye.

Mtu atasema, "Chakula hicho nimekila mimi na watoto wangu, nasi tu wazima, kitamdhuruje mbwa?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba mwili wa mbwa haufanyi kazi sawasawa na mwili wa mtu. Kitu ambacho mwili wa mtu hukivunja na kukitoa upesi, mwili wa mbwa huweza kukawia nacho mpaka kikamdhuru. Hebu tutazame vyakula vichache vilivyo karibu nasi.

Kitunguu katika mchuzi

Tuanze na kitunguu, maana ni michuzi michache siku hizi isiyokuwa nacho. Ndani ya kitunguu maji, na zaidi katika kitunguu saumu, mna vitu ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chembe hizo hupasuka, na damu hupungukiwa na nguvu ya kuchukua hewa mwilini. Madaktari wa wanyama wameona kwamba mbwa huugua akila kitunguu cha uzito upitao nusu kwa mia ya uzito wa mwili wake. Tuchukue mbwa wa kilo 15: kipimo hicho ni gramu 75, yaani kitunguu kimoja cha kadiri.

Kupika hakuondoi sumu hiyo, wala kukaanga, wala kukausha. Tena mbwa alaye kidogo kidogo kila siku huweza kudhurika kama yule aliyekula kingi kwa mara moja. Na jambo la kutahadhari zaidi ni kwamba mara nyingi dalili hazionekani siku ile ile. Hupita siku kadhaa ndipo mbwa aonekane mchovu, ufizi wake umekuwa mweupe, na mkojo umegeuka rangi ya chai kavu. Wakati huo mwenyewe amekwisha kuusahau ule mchuzi, na amkumbukaye ni jirani tu.

Kakao, kahawa na vitu vitamu

Kakao na chakleti zina kitu kiitwacho theobromini, ambacho ni ndugu ya kafeini iliyo katika kahawa na chai. Katika mwili wa mbwa, yapata saa 17 hupita kabla ya nusu yake tu kutoka. Kikizidi, mbwa hutapika, huhangaika, moyo humwenda mbio, na mwisho huweza kushikwa na kifafa. Unga wa kakao usiotiwa sukari ni mkali kuliko chakleti ya maziwa; gramu 20 za unga huo, yaani vijiko vitatu au vinne vya mezani, zaweza kuudhuru moyo wa mbwa wa kilo 10. Kadhalika kahawa iliyosagwa, na hata machicha yake baada ya kuchujwa, yasitupwe mahali ambapo mbwa hufukua.

Zabibu nazo, mbichi na kavu, huwaharibu mbwa figo. Nasi twazitia katika keki za sikukuu na katika pilau za arusi! Kwa miaka mingi sababu yake haikujulikana. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani walitoa hoja kwamba mkosaji ni asidi ya tartariki iliyomo katika tunda hilo, na baadaye wakaeleza habari za mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju, ambao una asidi hiyo hiyo. Basi ndugu zetu wa Ukambani na wa Pwani, ambako mkwaju ni mti wa nyumbani, na wasikie. Hakuna kipimo cha zabibu kinachoweza kuitwa salama, maana mbwa mmoja hula asidhurike, na mwingine akala kidogo akafa.

Wakulima wa Murang'a, Kiambu, Embu na Meru wanayo makadamia, mti wa asili ya Australia, ambao leo huwaletea fedha. Mbwa aokotaye kokwa zake huweza kulegea miguu ya nyuma kabla ya saa 12 kupita, akatetemeka na kutapika. Shukuru kwamba sumu hii kwa kawaida haiui. Mbwa hupona baada ya siku moja au mbili. Lakini mwenyewe amwonapo hawezi kusimama, hudhani amepigwa au amelogwa.

Tena kuna sukari ya namna nyingine iitwayo zailitoli, ambayo hutiwa katika ubani wa kutafuna usio na sukari ya kawaida, katika peremende kadha wa kadha, na katika siagi nyingine za karanga. Kwenye vifurushi jina lake huandikwa xylitol. Mtu haimdhuru, lakini mbwa ailapo, sukari ya damu yake huweza kushuka ghafula kabla ya saa moja kupita, naye akaanguka. Akila nyingi ini lake hufa. Kwa sababu hiyo karani aachaye ubani katika mfuko wa koti lake, na koti lake juu ya kiti, na afikiri tena.

Mahindi yasiyofaa

Sasa nafika kwenye neno lililo zito kuliko yote. Katika nyumba nyingi gunia hufunguliwa, mahindi yakaonekana yameota kuvu, na mama akaketi kuyachambua. Yaliyo mazuri huenda kusagwa kwa ugali. Yale ya rangi ya kijani na nyeusi hutengwa, na mtu husema, "Hayo ni ya mbwa." Neno hili ni dogo, lakini limewaua mbwa wengi.

Kuvu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na wengine huiita sumukuvu. Sumu hii hushambulia ini. Moto wa jikoni hauiondoi, hata ugali ukipikwa mpaka ukaungua. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika nchi yetu, wengi wao katika Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoota kuvu, na 125 kati yao wakafa. Hao walikuwa watu wazima na watoto, wenye majina na wenye makaburi.

Ikiwa sumu hii yaweza kumwangusha mtu, itakuwaje kwa mbwa, ambaye ni miongoni mwa wanyama wadhurikao nayo upesi sana? Katika miaka ya 1950, kusini mwa Marekani, mbwa walikufa kwa ugonjwa wa ini ambao madaktari hawakuutambua. Baadaye ilijulikana kwamba ulitokana na vyakula vilivyoota kuvu. Na mwishoni mwa mwaka 2005, huko huko Marekani, mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa kula chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa aliyedhurika hukataa chakula, hutapika, macho na ufizi wake huwa manjano, na choo chake huwa cheusi au chenye damu.

Najua wapo watakaosema, "Mwaka huu mvua haikunyesha, chakula ni haba, je, nitupe debe zima la mahindi?" Siwalaumu wasemao hivyo, kwa maana kutupa nafaka ni uchungu kwa mkulima. Lakini mahindi hayo hayana faida ya kuokolewa. Ukimpa mbwa, atakufa, na boma litabaki bila mlinzi. Ukimpa ng'ombe wa maziwa, sehemu ya sumu itarudi mezani katika maziwa wanywayo watoto. Yafukie mbali na kisima, ama uyachome mahali ambapo moshi hautaingia nyumbani. Na mwaka ujao uyakaushe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, mpaka unyevu usizidi 13.5 kwa mia, ndipo uyatie ghalani. Hiyo ndiyo dawa ya mbwa, ya ng'ombe, na yako pia.

Neno fupi juu ya pombe. Wako vijana waonao ni mzaha kumnywesha mbwa busaa ili wamwone akipepesuka. Pombe humlevya mbwa upesi, hupoza mwili wake, na huweza kumzuia pumzi. Machicha yake na unga uliokandwa kwa hamira vina hatari hiyo hiyo. Mzaha wa namna hii hauna kicheko.

Mambo ya kufanya

Mbwa akiugua ghafula, usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Wala usimmiminie maziwa au mafuta kwa nguvu, yasije yakamwingia mapafuni. Kumbuka alikula nini, kiasi gani na saa ngapi; chukua kifurushi au mabaki ya chakula, umpeleke kwa daktari wa mifugo upesi. Saa za kwanza ndizo zenye thamani.

Lakini tahadhari: ikiwa mbwa anadondosha mate, amebadilika tabia, anauma ovyo au hawezi kumeza, usimshike wala usimtie mkono mdomoni. Huenda ni kichaa cha mbwa, nacho huua watu. Mfungie mahali, uwaweke watoto mbali, ukamwite daktari wa mifugo. Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe.

Na mbwa akifa, nawe una shaka juu ya jirani, usiende kwa chifu kabla ya kwenda kwa daktari. Yeye aweza kuupasua mzoga na kulitazama ini, figo na tumbo. Uliza pia nyumbani kwako: jana alipewa nini? Juzi je? Nani alilifungua lile gunia? Gharama ya kuuliza ni ndogo kuliko gharama ya kesi, na kumwomba jirani radhi baada ya kumtukana mbele ya watu ni kazi ngumu.

Kulisha mbwa vizuri hakutaki mali nyingi. Ugali wa unga mzuri, omena iliyochemshwa bila viungo, au nyama kidogo iliyopikwa isiyokuwa na mafuta mengi, vyamtosha. Mifupa iliyopikwa usimpe, kwani huvunjika vipande vikali vikamchoma matumbo. Nawaomba akina mama na wapishi wote jambo moja jepesi: toeni fungu la mbwa kabla kitunguu hakijaingia sufuriani. Hilo halizidishi kuni wala halipunguzi kitoweo.

Mbwa hatujui tumbo lake kama tujuavyo letu, lakini yeye hutuamini kwa kila tonge. Imani hiyo tuilinde, kama yeye alivyoulinda mlango wetu usiku wa jana.