Kasungura ni kadogo, lakini paja kala nani?

Wadau, kimya changu kisiwatishe. Nilikuwa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, nikila vumbi na michembe. Nimerudi na hasira moja, naomba tugawane.

Nje kidogo ya mji nilioneshwa boma la darasa. Kuta nne, madirisha matupu, majani yameota pale ambapo mwalimu angesimama. Wanakijiji walichanga, wakasomba mchanga na mawe mpaka wakafika kwenye lenta. Utaratibu mnaujua: wananchi wanasimamisha kuta, halmashauri inaezeka. Mabati hayajaja. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayeandika magazetini, ushuru wetu wa pamba unakwenda wapi?"

Nikamjibu kama wanavyojibu waandishi wote: nitafuatilia. Nimefuatilia.

Tuanze na hesabu ya darasa la nne. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 inairuhusu halmashauri kutoza ushuru wa mazao, kwa asilimia ya bei ya shambani, na mlipaji ni mnunuzi. Kwa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, pamba ndiyo ng'ombe wa maziwa. Zamani ushuru huo ulifika hadi 5%. Juni 2017, Dk. Philip Mpango, Waziri wa Fedha wa wakati huo, akasoma bajeti Dodoma na kuushusha: 3% kwa mazao ya biashara, 2% kwa mazao ya chakula. Nafuu kwa mkulima! Nani asingepiga makofi?

Sasa chukua bei ya msimu wa 2019, Sh 1,200 kwa kilo. Kwa 5% halmashauri ingepata Sh 60 kila kilo. Kwa 3% inapata Sh 36. Tofauti ni Sh 24. Katika kila kilo milioni moja, Sh milioni 24 zimetoka kwenye kapu la halmashauri.

Zimekwenda kwa mkulima? Mlipaji ni mnunuzi, kwa hiyo wa kwanza kupata nafuu ni mnunuzi. Zitamfikia mkulima endapo tu bei itapanda kwa kiasi hicho, na mimi sijaona stakabadhi yenye mstari unaosema "hizi hapa Sh 24 zako". Msimu huohuo wa 2019 bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasuasua, watu wakakaa miezi wakisubiri fedha za pamba iliyokwisha kupimwa. Pamba isiponunuliwa hata hiyo 3% haipo. Bajeti ya halmashauri nzima imefungwa ndani ya robota la pamba!

Na mchezo huu si wa jana. Mwaka 2003, Basil Mramba akiwa Waziri wa Fedha, kodi ya maendeleo ilifutwa pamoja na rundo la ushuru wa kero. 2004 zikaguswa ada za leseni za biashara. 2016 kodi ya majengo ikapelekwa TRA. 2017 ada za mabango ya matangazo zikafuata njia hiyohiyo, mwaka uleule ushuru wa mazao ulipokatwa. Angalieni vizuri ni mfuko wa nani unaotobolewa kila mara. Serikali Kuu inatoa sadaka kwa sahani ya jirani, halafu inapokea shukrani yenyewe.

Najua kuna atakayesema natetea kodi za kero. Hapana. Kodi ya maendeleo ilikuwa aibu, watu wazima wakikimbilia vichakani wakiwaona mgambo. Ile marufuku ya 2017 ya kumtoza ushuru mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja naiunga mkono mia kwa mia. Na halmashauri si malaika: ripoti za CAG zimekuwa zikitaja fedha zilizokusanywa na zisifike benki. Mwizi akamatwe. Lakini huwezi kumnyang'anya mtu jembe halafu ukamlaumu kwa shamba kuwa pori.

Tunaambiwa fidia ipo, ruzuku kutoka Hazina. Sawa. Ila ruzuku ina mwenyewe. Inakuja anapotaka, na masharti anayotaka. Diwani anayesubiri ruzuku anamtazama Katibu Mkuu wa Hazina, si wapiga kura wake. Hapo ndipo madaraka kwa wananchi yanapobaki wimbo.

Na ninyi vijana wenzangu wa mjini msidhani haya ni ya Wasukuma na pamba yao. Ile mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurudi 2024, ni 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mapato yakipungua, na mkopo wako unapungua. Hukuwahi kulima pamba, lakini umo.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, Bunge likikata chanzo cha halmashauri, sheria hiyohiyo iseme fidia ni kiasi gani na inalipwa lini. Pili, halmashauri ibandike kwenye kila ofisi ya kijiji: pamba kilo ngapi, ushuru shilingi ngapi, umefanya nini. Bariadi ndiko kwao John Cheyo, "Bwana Mapesa" mwenyewe, aliyepata kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Msiseme watu wale hawajui hesabu.

Kila Juni tunaambiwa kasungura ni kadogo, tuvumilie. Tumekubali ni kadogo. Tunauliza paja kala nani?

Mzee wangu, jibu lako ndilo hilo. Sehemu ya ushuru wako ilifutwa kwa jina lako, na wewe hukupewa. Mabati bado.

Tutafakari.