Karakana ukutani kwa chumba cha watoto

Wazazi wengi wenye ufundi hugeuza stoo kuwa karakana, na mara nyingi ukuta wa pili yake ndiko watoto wanakolala. Kelele za randa ya umeme zikizidi, mtu hubandika trei za mayai au sponji la godoro ukutani. Trei hizo hazizuii kelele. Sponji ni baya zaidi: cheche ya mashine ya kukatia chuma ikilifikia, linashika moto haraka na kutoa moshi wenye sumu.

Kelele na vumbi hupita zaidi juu, pale tofali zisipofika kwenye bati. Mzazi aanze kuziba hapo.

Penye kuchomelea, plasta ya saruji inatosha. Haiungui, na ikipakwa rangi ya mafuta, vumbi la mbao hufutika kwa kitambaa kibichi. Bodi ya jipsamu hustahimili moto kwa muda, ila nyundo ikiteleza hutoboka. Plaiwudi inashika vizuri misumari ya kutundikia misumeno, lakini inaungua. Ikae upande wa useremala tu, na misumeno itundikwe mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kwenye stuli.