Wasiofika Zahanati Nao Wahesabiwe

Katika zahanati nyingi za Tanzania Bara, mwezi unapokaribia kwisha, muuguzi huketi na vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, mbele yake, kile cha wagonjwa wa nje, kile namba 6 cha wajawazito, kile namba 7 cha watoto, akahesabu mistari na kujumlisha, kisha akaipeleka hesabu hiyo wilayani, nako wilayani ikachukuliwa kuwa ndiyo hali ya siha ya wakazi wa kata ile. Kazi hiyo ina taabu yake, na wala sisemi iachwe. Ila hesabu ile, hata ikiwa sahihi kwa kila tarakimu, ni hesabu ya waliokuja. Mjamzito aliyezuiwa na mto uliofurika, mzee ambaye presha humpanda pasipo yeye kuhisi lolote, mtoto aliyeshikwa na degedege usiku akakimbizwa kwa mganga na kufariki kabla ya alfajiri, hao wote hawamo daftarini. Na maadamu hawamo daftarini, aghalabu hawamo pia katika bajeti ya mwaka unaofuata. Rai yangu ni kwamba dhima ya kuwatambua watu hao ni ya muuguzi wa afya ya jamii, tena si kwa hisani yake baada ya kazi, bali kwa saa zilizotengwa na kulipwa, na kwa mamlaka ya kusikilizwa pale mafungu ya fedha yanapogawanywa.

Sitoi rai hiyo kwa kukisia, kwa kuwa jambo lenyewe lilikwisha jaribiwa hapa hapa. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti la serikali ya Kanada, ilizichukua wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, ikauliza swali ambalo kwa dhahiri lake lingestahili kuulizwa zamani: je, fedha za afya huenda yaliko maradhi? Vituoni hapakuwa na jibu, kwani wengi wa waliokufa katika wilaya zile walifia majumbani. Basi wahoji wakaenda nyumba kwa nyumba, wakaandika waliozaliwa, waliohamia na waliofariki, na palipokuwa na msiba wakarejea baada ya matanga wakaketi na wafiwa, wakauliza kwa upole: homa ilianza siku gani, mtoto alikuwa akinyonya au alikwisha kataa ziwa, alipumua vipi, mlimpeleka wapi kwanza na wapi baadaye. Kutokana na masimulizi hayo ya mama na bibi, matabibu wakakadiria sababu ya kila kifo. Ikabainika kwamba huko Morogoro malaria ilikuwa ikinyang'anya watu kiasi cha asilimia 30 ya miaka yote ya uhai iliyopotea, ilhali katika bajeti ya mwaka 1996 ilitengewa kiasi cha asilimia 5 tu.

Viongozi wa wilaya walipoyaona hayo kwa macho yao, wakayahamisha mafungu yafuate maradhi, wakapeleka vyandarua, dawa na mafunzo ya watumishi mahali palipokuwa na haja, kwa nyongeza isiyofikia dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika miaka michache iliyofuata vifo vya watoto vilipungua katika wilaya hizo kwa zaidi ya asilimia 40. Sidhani kama ipo hoja yenye nguvu kuliko hiyo kwa mtu anayeuliza faida ya kumtoa muuguzi dirishani pa dawa na kumpeleka uani kwa watu.

Yupo atakayejibu kwamba watu wenyewe wanazijua haja zao, na kwamba yatosha kuitisha mkutano na kuwauliza. Jibu hilo lina heshima ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Mwaka 1972 mwanachuoni wa Uingereza, Jonathan Bradshaw, aliyagawa mahitaji ya watu mafungu manne: lile analolikadiria mtaalamu, lile analolihisi mtu moyoni, lile ambalo mtu hulidai kwa kitendo, kama kuja na kupanga foleni, na lile linalodhihirika watu wa mahali pamoja wanapolinganishwa na wenzao wa hali kama yao. Ukiupima mgawanyo huo kwa vitabu vyetu vya mwisho wa mwezi, utaona kwamba karibu vyote vimeshika fungu la tatu peke yake. Na mkutano wa hadhara hushika la pili, tena kwa sauti ya wale wasemao mbele za watu, ambao kwa kawaida ni wanaume wazima wenye afya.

Kichocho ni mfano wa mambo hayo yote kwa pamoja. Katika vijiji vya mabwawa na mashamba ya mpunga, mtoto wa kiume kukojoa damu kumezoeleka kiasi kwamba baadhi ya wazazi hulihesabu kuwa jambo la umri, litakalopita. Hakuna atakayesimama barazani kulilalamikia, wala mtoto hapelekwi zahanati kwa ajili yake. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1980, wilayani Kilosa, watafiti waligundua kwamba ugonjwa huo waweza kutafutwa kwa njia nyepesi mno. Walipeleka hojaji mashuleni kwa kupitia utaratibu wa kawaida wa serikali, walimu wakawauliza wanafunzi juu ya maradhi mbalimbali waliyoyapata, kichocho kikiwa kimoja miongoni mwa mengi ili kisionekane kuwa ndicho kinachowindwa. Kisha, kwa vijiti vinavyobadili rangi mkojo ukiwa na damu, walimu wenyewe wakawapima watoto katika shule zilizodhaniwa kuwa na hatari. Majibu ya watoto yalionyesha shule zipi zimeathirika sana, kwa gharama ndogo kuliko ile ya kuzungusha kikosi cha maabara wilaya nzima. Watoto walikuwa wakijua tangu awali, hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo kazi ya muuguzi si kuchagua baina ya tarakimu na kauli za watu, bali kuzifanya zisahihishane, na hilo haliwezekani ofisini. Muuguzi aijuaye kazi yake, akiisha kupiga hodi na kukaribishwa, hakimbilii fomu. Hutazama choo kama kina njia iliyokanyagwa au kimeotewa majani, hutazama mtungi wa maji kama una kifuniko, na chandarua kama kimetundikwa au kingali kimekunjwa sandukuni kikingojea wageni. Huiomba kadi ya kliniki ya mtoto, akautazama mstari wa uzito unavyopanda na mahali ulipolala, akauliza kulikuwa na nini mwezi ule. Hupita na balozi wa nyumba kumi, kwa kuwa balozi ndiye ajuaye nyumba ambayo mlango wake haufunguliwi kwa mgeni, pengine kwa sababu ndani yake yupo mtoto mwenye ulemavu asiyetolewa nje. Mambo hayo hayana safu katika kitabu chochote, na bado ndiyo yatakayoamua kama chanjo, dawa na nasaha zitafika.

Afrika Kusini ilikuwa na mfano wa utaratibu kama huo kabla ya nyingi ya nchi zetu kupata uhuru. Mwaka 1940 matabibu Sidney Kark na mkewe Emily, pamoja na Edward Jali na mkewe Amelia, aliyekuwa muuguzi, walianza kituo cha afya huko Pholela, Natal. Walichora ramani ya maskani chache, wakaihesabu kila nyumba, wakauliza watu hula nini na nani yuko migodini, na kila mwaka wakapanua eneo. Haja kubwa waliyoikuta ilikuwa njaa iliyojificha, wakaanzisha bustani za mboga. Na jambo ambalo huniingia sana akilini ni kwamba hawakuacha kutibu vidonda na homa walivyoletewa wakati wakishughulikia njaa ambayo haikuletwa na mtu. Baadaye serikali ya ubaguzi wa rangi iliwanyima msaada, na kazi ile ikavunjwa.

Hapo ndipo penye jibu la mgongano unaowatatiza wengi: watu wanataka gari la wagonjwa, mtaalamu anataka vyoo, nani afuatwe? Naona ni haki kuanza na lile linalowauma watu, hata kama si la kwanza katika jedwali la mtaalamu, kwa sababu mama aliyesikilizwa juu ya gari la wagonjwa ndiye atakayekubali kuzungumza juu ya choo chake. Lakini kuanza nalo si kuishia hapo, na muuguzi anayewaridhisha watu kwa kunyamaza juu ya kichocho amevunja amana aliyokabidhiwa.

Pingamizi zito zaidi ni la uhaba. Zahanati yenye watumishi wawili itamtoaje mmoja aende vitongojini? Sina budi kukiri uzito wa swali hilo. Hata hivyo mzigo wa kutembea umepata wabebaji: Zanzibar ina mpango wake wa Jamii ni Afya, ambamo wahudumu wa kujitolea huzitembelea kaya wakiongozwa na programu ya simu, na Bara nako wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Nina khofu moja tu juu ya simu hizo, kwamba macho ya mhudumu yaweza kubaki kiooni yasiuone mtungi. Taarifa wazikusanye wao. Muuguzi naye apewe siku moja katika juma ya kwenda pamoja nao, kuzipima na kuzifasiri, kwani taarifa isiyofasiriwa hubaki rundo la nambari.

Fedha nazo zimekwisha kusogea karibu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya Tanzania Bara hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Kamati hizo zinapokaa kupanga, na ziwe na taarifa ya nyumba kwa nyumba kando ya ile ya MTUHA. Na kabla taarifa hiyo haijapanda wilayani, isomwe kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu huitishwa kila miezi mitatu na hupokea mapato na matumizi: muuguzi asimame aseme alichokiona, pasipo kulitaja jina la mtu wala la nyumba, na wakazi wamsahihishe pale alipokosea. Hilo halihitaji sheria mpya wala mfadhili kutoka nje. Lahitaji mwenyekiti wa kijiji aongeze ajenda moja, na mganga mkuu wa wilaya amruhusu muuguzi wake kuhudhuria.