Kidoti cha mtoto: seli zilizogoma kuwa saratani

Mama anamwogesha mtoto, anakuta kidoti cheusi mgongoni ambacho mwaka jana hakikuwapo. Anakikwangua kidogo kwa ukucha akidhani ni uchafu, hakitoki. Usiku anaingia kwenye simu kutafuta, na baada ya dakika tano neno analokutana nalo ni saratani. Usingizi unakata.

Mara nyingi sana hofu hiyo haina msingi, na sababu yake iko ndani ya kidoti chenyewe.

Kidoti ni kundi la seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Katika vidoti vingi, watafiti wamekuta hitilafu kwenye jeni iitwayo BRAF, ambayo husaidia kupitisha amri ya kuiambia seli igawanyike. Ikiharibika, amri haizimiki, kama swichi iliyokwama. Hitilafu hiyohiyo, iliyotambuliwa mwaka 2002, ndiyo inayopatikana katika melanoma nyingi, aina ya saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi. Yaani kidoti kisicho na madhara kinaweza kubeba jeni ya saratani. Inatisha kusoma hivyo, lakini mzazi asiishie hapo.

Mwaka 1997, Manuel Serrano, Scott Lowe na wenzao katika maabara ya Cold Spring Harbor, Marekani, waliingiza jeni nyingine ya saratani, RAS, kwenye seli za kawaida za binadamu. Mtu angetarajia seli hizo zizaliane ovyo. Badala yake ziligoma. Zilibaki hai, lakini hazikugawanyika tena, zikawa na sura ya seli zilizozeeka. Protini mbili zinazofanya kazi kama breki, p53 na p16, zilikuwa zimeongezeka. Seli ilikuwa imehisi kwamba amri inayopewa si ya kawaida, ikaamua kuzeeka kabla ya wakati.

Wapo waliodhani ni mambo ya maabara tu. Mwaka 2005 timu ya Daniel Peeper, huko Amsterdam, ilichunguza vidoti vya watu na kukuta seli zenye BRAF iliyoharibika zikiwa na dalili za uzee huo na zimeacha kugawanyika. Ndiyo maana kidoti hukua kidogo, kisha kikatulia kwa miaka mingi. (Kumbe kile cha shavuni ambacho wengine hukichora kwa wanja ni mgomo wa seli!) Siku hizi wapo watafiti wanaohoji kama uzee huo pekee ndio unaokituliza, ila kwamba vidoti vingi hutulia, hilo halina ubishi.

Watoto na vijana wanaobalehe huota vidoti vipya, ni kawaida. Melanoma kwa mtoto ni nadra sana.

Lakini breki huweza kukatika. Seli ikipata hitilafu nyingine, kwa mfano ikipoteza p16, inaweza kurudi kugawanyika. Kwa hiyo kinachopaswa kumshtua mzazi ni kidoti kinachobadilika: kinachopanuka haraka, chenye kingo zisizoeleweka au rangi zaidi ya moja, kinachotoa damu, au kilichogeuka kidonda kisichopona.

Kwa watu weusi, melanoma hupenda kujitokeza mahali ambapo wengi hawaangalii: nyayo, viganja na chini ya kucha. Saratani iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, akiwa na miaka 36, ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Watu wazima nao wakague miguu yao, maana ugonjwa huu ni wao zaidi kuliko watoto.

Kukata kidoti kwa wembe au kukiunguza kwa dawa za mtaani ni kosa kubwa. Mbali na kidonda na maambukizi, daktari anakosa kipande cha kupeleka maabara, na kipande hicho ndicho kinachothibitisha kama ni saratani au la.

Mama aliyekosa usingizi anaweza kuitumia simu yake vizuri zaidi: apige picha ya kidoti mchana, aweke sarafu pembeni ili kuonyesha ukubwa, na kila baada ya miezi michache apige nyingine kwa sarafu ileile. Akiona tofauti, aende nazo hospitali.