Ukinunua kaske, nunua kwa masikio

Mama anaita mara tatu kutoka jikoni. Kijana ameketi mbele ya kompyuta, kaske kichwani, vidole kwenye klavye, na hajibu. Mara ya nne mama anakuja mwenyewe, na akiwa bado mlangoni anasikia muziki ukitoka ndani ya kaske. Iwe Lubumbashi, Likasi, Kalemie, Bunia au Beni, nyumba zinazoijua picha hii ni nyingi. Kwa kawaida tunaimaliza kwa kumgombeza kijana juu ya kukosa utii. Leo tunaomba tuitazame kwa upande mwingine. Kama muziki wa kaske unasikika mpaka mlangoni, kuna kosa katika kaske, au katika sauti iliyowekwa, au katika yote mawili. Na mara nyingi kosa hilo lilianzia butiki, siku ya kununua.

Kijana wa leo anataka kaske moja ifanye kazi zote: muziki mchana, mchezo wa kompyuta usiku, na katikati masomo na maongezi na ndugu walio mbali. Pesa ya kuinunua inapatikana kwa jasho. Kwa hiyo swali la kuchagua kaske si jambo la kitoto. Msimamo wetu ni huu: kaske inayofaa ni ile inayokuwezesha kusikia kila kitu wakati sauti iko chini. Taa za rangi, jina kubwa na besi ya kutikisa kichwa vinakuja nyuma sana.

Sikio halina spea

Tuanze na sababu. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye mfano wa nywele. Ndizo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa inazichosha, na ikizidi inaziua. Kwa binadamu chembe hizo hazioti tena. Mtu anayepoteza usikivu kwa njia hii haoni damu wala hapati homa. Anaanza kwa kusikia mlio masikioni usiku, halafu anaanza kuwaomba watu warudilie maneno, na siku anapokwenda kwa daktari kilichoharibika hakirudi.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba zaidi ya vijana bilioni 1, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza. Kipimo chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kwa mtoto ni desibeli 75. Wengi wanafikiri kwamba ukiongeza kidogo unahatarisha kidogo, lakini hesabu ya desibeli haiendi hivyo. Kila desibeli 3 zinazoongezwa zinafanya nguvu ya sauti kuwa mara mbili, na muda wa usalama unagawanywa kwa mbili. Ukifika desibeli 90, zile saa 40 zimebaki 4 tu kwa juma zima. Kijana anayecheza saa 3 kila usiku anazimaliza kabla ya siku ya pili kwisha.

Adui wa kwanza ni kelele ya nje

Kwa nini basi vijana wetu wanapandisha sauti? Si wote wanapenda fujo. Umeme unakatika, jenereta ya jirani inawaka. Barabarani pikipiki zinapita, na ng'ambo ya ukuta kuna baa au kwaya inayofanya mazoezi. Mtu anapandisha sauti ili kufunika kelele hizo, na jenereta ikizimika anasahau kuishusha. Kaske inayoacha kelele iingie inakulazimisha kupigana na kelele kwa kutumia masikio yako mwenyewe.

Hapa ndipo kuchagua kunapoanza. Kuna kaske za wazi, zenye matundu kwa nje. Zinatoa muziki wenye nafasi, hazichomi masikio kwa joto, na wapenzi wengi wa muziki wanazisifu. Lakini zinaingiza kelele zote na kuwasikilizisha muziki wako wote walio chumbani. Zinafaa kwa mtu mwenye chumba kitulivu, na kwetu watu hao si wengi. Kuna kaske zilizofungwa, zenye mito inayozunguka sikio lote. Hizo zinapunguza kelele ya nje na zinaficha sauti yako ndani. Kwa nyumba nyingi za miji yetu, tunashauri hizo bila kusita. Angalia tu kwamba mto unazunguka sikio bila kulikandamiza, na kama unavaa miwani, ijaribu ukiwa nayo, maana mkono wa miwani unaacha upenyo.

Kuna pia zile zinazofuta kelele kwa nguvu ya betri. Zinafanya vizuri dhidi ya mngurumo wa kudumu kama ule wa jenereta, kuliko dhidi ya sauti za watu. Lakini zina bei ya juu, na betri yake inataka umeme ule ule unaokatika.

Jaribu kwa muziki unaoujua

Wauzaji wengi wanajaribisha kaske kwa wimbo wenye besi nzito, na mnunuzi anatikisa kichwa na kulipa. Besi ni rahisi kuiongeza kiwandani, na inafunika makosa mengine yote. Sisi tuna kipimo kilicho bora zaidi, na ni cha nyumbani.

Rumba ya Congo, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa Desemba 2021, imejengwa juu ya magitaa yanayoongea kwa pamoja. Wimbo unapofika kwenye sebene, kuna solo juu, kuna mi-solo katikati, kuna gitaa la kusindikiza, na besi chini. Weka wimbo wa rumba unaoujua vizuri, funga macho, na ufuate mi-solo peke yake toka mwanzo wa sebene hadi mwisho. Ukiipoteza ndani ya besi, rudisha kaske hiyo kwa muuzaji. Ukiweza kuifuata, na bado unasikia pumzi ya mwimbaji, hiyo inasema ukweli.

Kipimo cha pili kinatoka Katanga. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey akipiga «Masanga». Gitaa ni moja, lakini kidole gumba kinashika besi wakati kidole kingine kinapiga wimbo juu yake, na mtu asiyejua anadhani wapigaji ni wawili. Kaske nzuri inawatenganisha hao «wawili» hata katika rekodi ya zamani namna hiyo. Fanya vipimo vyote viwili kwa sauti ya chini. Kaske ambayo haipendezi mpaka uipandishe, itakudai uipandishe kila siku.

Mchezo unataka nini

Anayecheza mpira kwenye kompyuta hahitaji kaske ya pekee. Shangwe za uwanja hazimwambii wapi pa kupiga pasi. Lakini anayecheza michezo ya vita kama Counter-Strike anahitaji kujua hatua za adui zinatoka kushoto, kulia au nyuma. Kwa kazi hiyo kaske ya kawaida ya stereo, inayotenganisha vizuri sauti za mi-solo na besi, inatosha. Maandishi «7.1» kwenye boksi yasikudanganye. Kaske nyingi za namna hiyo zina spika mbili tu, moja kila upande, na programu ndiyo inayotengeneza hisia ya sauti kuzunguka. Windows 10 na Windows 11 zina programu ya namna hiyo tayari ndani yake, bila malipo, kwa kaske yoyote.

Hatari ya michezo hii ni moja: mchezaji anapandisha sauti ili asikie hatua ndogo, halafu bomu linalipuka sikioni kwa kiasi kile kile. Dawa iko ndani ya mchezo. Fungua sehemu ya sauti, punguza muziki wa mchezo, na kama kuna chaguo la kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, liwashe. Utasikia hatua za adui bila kupigwa na kila mlipuko.

Waya au bila waya?

Hapa tutasema wazi: kwa kompyuta, waya bado ndio unaoshinda. Kaske ya Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti. Kwa muziki huwezi kuona tofauti, lakini katika mchezo unaona risasi kwanza na kusikia mlio baadaye. Zaidi ya hayo, ukiwasha mikro yake ili uongee na wenzako, mara nyingi sauti yote inashuka na kuwa kama ya simu, muziki pia. Zile zisizo na waya zinazokuja na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB zinakimbia zaidi, lakini kifaa hicho kikipotea, kaske inabaki pambo. Na zote zinahitaji kuchajiwa. Waya hauombi umeme wake peke yake.

Ukichukua ya waya, angalia kompyuta yako kwanza. Kompyuta nyingi za kubeba zina tundu moja la sauti na mikro pamoja. Kompyuta nyingi za mezani zina mawili: la kijani kwa sauti, la waridi kwa mikro. Kama kaske ina ncha moja na kompyuta ina matundu mawili, utahitaji waya mdogo wa kugawa. Uulize hapo hapo butiki, usije ukarudi nyumbani ukagundua mikro haifanyi kazi.

Angalia pia namba ya ohmu. Kaske ya ohmu 32 au karibu na hapo inasukumwa vizuri na kompyuta ya kawaida. Zenye namba kubwa zinaomba mashini ya kuongeza nguvu. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, inatengenezwa kwa ohmu 32, 80 na 250. Mtu anayenunua ya 250 kwa kompyuta tupu anaweza kufikiri ameuziwa mbovu, kumbe amechukua isiyo yake. Kipenyo cha spika, 40 au 50, hakikuambii ubora. Wala «20 hadi 20 000 hezi» haikuambii kitu, maana karibu kila boksi limeandikwa hivyo.

Mwisho, shika waya kwa vidole. Kaske nyingi zinakufa pale waya unapoingia kwenye ncha. Yenye waya unaochomoka inatengenezeka kwa kununua waya mwingine. Isiyochomoka itakupeleka kwa fundi wa kulehemu. Uliza kama mito inapatikana peke yake, kwa kuwa ngozi ya bandia inachanika kwa joto na jasho, na mto ukichanika kelele inaingia tena, na sauti inapanda tena.

Kila mmoja na sehemu yake

Kwa wauzaji tunasema: mwacheni mteja ajaribu, kwa wimbo wake, kwa dakika tano. Muuzaji anayekataa boksi lisifunguliwe mpaka pesa itoke anajua kwa nini anakataa. Na jina la kiwanda kikubwa lililobandikwa kwenye kitu cha bei ya kutupa linajulikana na kila mtu sokoni, kuanzia na yule anayeliuza.

Kwa wenye vyumba vya michezo, mahali watoto wanalipa kwa saa: wekeni mpaka wa sauti kwenye kila kompyuta, na mfute mito ya kaske kila baada ya mteja. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa kanuni za usikilizaji salama katika michezo ya video. Ulimwengu umekwisha kuona kwamba hili ni jambo la afya. Ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia inchini, OCC, nayo ingefaa kupitisha macho kwenye meza za kaske kama inavyopitisha kwenye unga na mafuta.

Kwa wazazi: kumnyang'anya mtoto kaske hakumfundishi kitu. Kaa naye asubuhi na mapema, wakati kumetulia na jenereta zimelala. Mwambie aweke muziki mpaka ausikie vizuri, na isivuke asilimia 60 ya sauti yote. Andikeni namba hiyo kwenye karatasi, mbandike pembeni ya kioo cha kompyuta. Hiyo ndiyo sauti yake, mchana na usiku. Kama kelele ya nje inafunika namba hiyo, avue kaske, apumzike, acheze baadaye.

Na kwako kijana: pesa ni yako, chaguo ni lako. Kaske ikiharibika utapata nyingine, hata kama ni baada ya miezi ya kuweka akiba. Mama atakapoita kutoka jikoni miaka 30 ijayo, sauti yake imezeeka na kupungua, uwe bado unaweza kumsikia mara ya kwanza.